Kupanga Mtaala wa Udadisi kwa Darasa la Kwanza na la Pili: Mazingira ya Shule za Msingi za Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mtaala unaozingatia udadisi unavyoweza kupangwa kwa wanafunzi wa Darasa la Kwanza na la Pili katika shule za msingi za serikali zilizoko pembezoni mwa Dar es Salaam, hususan katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kwanza ya mpangaji si kutafuta vifaa wala kubuni somo jipya, bali ni kutenganisha yale ambayo mtoto hana budi kuambiwa na yale anayoweza kuyapata mwenyewe kwa kutazama, kupima, kujaribu na kuuliza. Baada ya usuli wa kihistoria, makala yanafafanua hatua za kupanga, yanatoa mfano wa mada moja ya wiki nne, na yanajadili vikwazo vya darasa lenye wanafunzi wengi.

1.0 Utangulizi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, 1,346,674 walikuwa katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Sehemu kubwa ya ukuaji wa mkoa huu imeelekea pembezoni: Bunju, Boko, Tegeta na Mabwepande kwa upande wa kaskazini, Mbagala, Charambe, Chamazi na Toangoma kwa upande wa kusini. Katika maeneo haya familia hununua kiwanja, hujenga chumba kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana, na huduma za jamii hufuata nyuma ya watu. Shule nazo hufuata nyuma. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila ada wala michango ya lazima mwezi Januari 2016, uandikishaji wa Darasa la Kwanza umeongezeka, na uwiano rasmi wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 umekuwa mgumu kufikiwa katika shule nyingi za aina hii. Baadhi hulazimika kuwagawa watoto katika zamu ya asubuhi na zamu ya mchana.

Katika darasa la namna hiyo njia iliyo karibu zaidi na mwalimu ni kuitikia kwa pamoja: mwalimu husema, darasa zima hurudia. Njia hii ina sababu zake na haipaswi kubezwa. Huwaweka watoto wengi katika kazi moja, na kwa baadhi ya mambo hufaa. Tatizo ni pale inapokuwa njia pekee. Mtoto mwenye umri wa miaka sita au saba huingia shuleni akiwa amezoea kuuliza kwa nini maji ya kisima cha jirani yana chumvi, kwa nini embe moja limeiva na jingine bado, na mwezi huenda wapi mchana. Akikaa miaka miwili mahali ambapo maswali hutoka upande mmoja tu, hujifunza pia jambo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote: kwamba shule ni mahali pa kujibu, si mahali pa kuuliza. Somo hilo likishakomaa, ni gumu kulifuta katika madarasa ya juu.

2.0 Usuli: Udadisi katika Elimu ya Afrika Mashariki

Mjadala wa kumfanya mtoto ajifunze kwa kuchunguza mara nyingi huanzia kwa John Dewey, aliyeanzisha shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Hata hivyo, kwa msomaji wa Afrika Mashariki upo usuli wa karibu zaidi. Kufuatia mkutano uliofanyika Kano, Nigeria, mwaka 1965, ulianza mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika uliozishirikisha nchi kadhaa, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Mpango huo ulitayarisha vitini vya walimu vilivyotumia vitu vinavyopatikana kijijini na mtaani: mchanga, maji, mbegu na wadudu.

Kimojawapo kilihusu mdudu mdogo anayechimba kishimo cha umbo la faneli katika mchanga mkavu, akajificha chini yake na kuvizia sisimizi wanaoteleza ndani. Jina la kitini chenyewe lilikuwa agizo: mwulize mdudu. Mtoto akitaka kujua kama mdudu huyo huchimba katika mchanga wenye unyevu, hapaswi kumwuliza mwalimu. Anamweka mdudu katika mchanga wenye unyevu, kisha anatazama. Mchanga wa namna hiyo, pamoja na wadudu hao, hupatikana katika viwanja vya shule nyingi za Temeke na Kinondoni hadi leo.

Tathmini ya mpango huo nchini Kenya, iliyofanywa na Eleanor Duckworth, ina funzo kwa wapangaji wa sasa. Badala ya kutegemea mtihani wa karatasi, Duckworth aliwapa watoto vitu mbalimbali na kutazama wanavyovitumia wenyewe. Aliripoti kwamba watoto waliopitia mpango walifanya mambo mengi zaidi na yenye kina zaidi kuliko wenzao ambao hawakuupitia.

Nchini Tanzania, andiko la Mwalimu Julius Nyerere la mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea lilidai elimu inayojenga akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayofanya wengine. Mwaka 2005 mitaala ilianza kuhama kutoka kwenye maudhui kwenda kwenye umahiri, yaani kile anachoweza kufanya mwanafunzi. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliwekewa mkazo katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024. Kwa hiyo udadisi si wazo geni katika nyaraka za elimu nchini. Kilichobaki kuwa kigumu ni kulishusha wazo hilo kutoka kwenye waraka hadi kwenye azimio la kazi na andalio la somo.

3.0 Yanayoambiwa na Yanayogunduliwa

Kosa linalowavunja moyo walimu wengi ni kudhani kwamba mtaala wa udadisi unamtaka mtoto agundue kila kitu. Hakuna mtoto awezaye kugundua kwa kutazama kwamba umbo fulani ni herufi “m”, wala kwamba alama “7” husomwa saba. Haya ni makubaliano ya watu. Jean Piaget aliyaweka katika kundi la maarifa yanayotokana na jamii, tofauti na maarifa yanayotokana na vitu vyenyewe na yale yanayotokana na akili kulinganisha na kupanga. Makubaliano hufundishwa moja kwa moja, kwa uwazi na kwa mazoezi ya kutosha. Hapa kuitikia kwa pamoja kuna nafasi yake halali.

Kwa upande mwingine, hakuna sababu ya kumwambia mtoto kwamba maji hupenya haraka katika mchanga kuliko katika udongo wa mfinyanzi. Anaweza kuliona jambo hilo kwa macho yake. Vivyo hivyo, hakuna sababu ya kumwambia kwamba vikundi viwili vya visoda vitano ni sawa na vikundi vitano vya visoda viwili. Anaweza kuvipanga na kuona.

Utamaduni wa Kiswahili unatoa mfano unaosaidia kufafanua tofauti hii. Watoto wengi huingia shuleni wakijua kutega na kutegua vitendawili. Anayesikia kwamba nyumba yangu haina mlango hana budi kulifikiria yai kwa makini: umbo lake, ganda lake, na kilichomo ndani. Hii ni mazoezi mazuri ya kutazama. Hata hivyo, jawabu la kitendawili huthibitishwa na aliyetega. Asipokubali, mteguaji hutoa mji. Swali la uchunguzi ni tofauti, kwa sababu jawabu lake huthibitishwa na kitu chenyewe, na hata mwalimu anaweza kukutwa amekosea.

Kutokana na hayo, hatua ya kwanza ya kupanga ni kuchukua umahiri ulioainishwa katika muhtasari na kuugawa katika safu tatu: yale ya kufundishwa moja kwa moja, yale ya kuchunguzwa kwa vitu, na yale ya kuulizwa kwa watu. Mwalimu akiwa na safu hizi mbele yake, hapotezi muda kumngoja mtoto agundue herufi, wala hamnyang’anyi mtoto nafasi ya kugundua kinachogundulika.

4.0 Hatua za Kupanga

4.1 Kuchagua swali kiongozi

Swali zuri kwa umri huu lina sifa nne. Linahusu kitu ambacho watoto wote wanaweza kukifikia; linaweza kujibiwa kwa kutazama, kuhesabu au kujaribu; lina majibu yanayoweza kutofautiana kutoka kundi hadi kundi; na lina hatari ndogo. Kwa shule ya Kunduchi, iliyo karibu na wavuvi, samaki na mikoko hufaa. Kwa shule ya Tegeta, iliyo karibu na kilima cha Wazo ambako chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji, mawe na udongo hufaa. Kwa Mbagala, bidhaa za sokoni na mizani yake hufaa. Mada haipaswi kunakiliwa kutoka shule moja hadi nyingine bila kutazama kilichopo nje ya mlango.

4.2 Kuoanisha na KKK

Udadisi hauna budi kupangwa ndani ya KKK, si kando yake. Mtoto anayeandika “maji yameisha” chini ya mchoro wake ana sababu ya kuandika. Anayehesabu visoda vya maji ana sababu ya kuhesabu. Sentensi walizosema watoto zikiandikwa na mwalimu kwa herufi kubwa, huwa matini ya kusoma kesho yake, na wasomaji wake tayari wanajua zinahusu nini. Kwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za serikali za msingi ni Kiswahili, lugha ya watoto wengi wa Dar es Salaam, mwalimu ana faida kubwa: mtoto anaweza kueleza alichokiona kabla hajaweza kukiandika.

4.3 Kufuata msimu

Muhula wa kwanza hukutana na masika, yaani Machi hadi Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mada za maji, mimea inayochipua na konokono hupangwa katika misimu hiyo. Mada za mchanga, vivuli, upepo na wadudu wa mchangani hupangwa wakati wa kiangazi. Azimio la kazi lisilotazama msimu humlazimisha mwalimu kufundisha mvua kwa picha wakati wa jua kali.

4.4 Kugawa darasa

Likichukuliwa darasa la wanafunzi 90, makundi ya watoto sita huwa 15. Kuyaongoza yote kwa wakati mmoja ni vigumu. Hata hivyo, makundi matano, yaani watoto 30, yanaweza kufanya uchunguzi siku ya Jumatatu wakati wengine 60 wakiandika au kusoma wawiliwawili. Makundi matano mengine huchunguza Jumanne, na matano ya mwisho Jumatano. Alhamisi darasa zima hukaa baraza: makundi yanaeleza yaliyoonekana, na pale yanapotofautiana, jaribio hurudiwa mbele ya wote. Ijumaa ni siku ya kuchora, kuandika na kusoma kumbukumbu. Kwa mpangilio huu, seti tano za vifaa hutosha badala ya 15, na wingi wa wanafunzi hugeuka kuwa nyenzo: jambo lililoonwa na makundi 15 lina ushahidi mzito kuliko lililoonwa na kundi moja.

5.0 Mfano wa Mada: Maji ya Mvua Huenda Wapi?

Mada hii inagusa maisha ya pembezoni moja kwa moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliharibu makazi ya mabondeni Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi ya familia zilizoathirika zilihamishiwa Mabwepande, katika Kinondoni. Katika Temeke, wakazi wa kandokando ya mto Kizinga na vijito vyake wanazijua vyema hatari za maji ya masika. Swali la mtoto kuhusu dimbwi lililo mbele ya darasa lina uhusiano na swali ambalo wazazi wake hujiuliza kila mwaka.

*Wiki ya kwanza: kutazama na kuuliza.* Baada ya mvua, makundi huzunguka uwanja wa shule. Watoto huonyesha maji yaliposimama, yalipopita na yalipokauka. Maswali yao huandikwa jinsi walivyoyasema, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji uliosafishwa na kubandikwa ukutani. Mwalimu hayajibu. Huwasaidia watoto kuchagua yale wanayoweza kuyajaribu.

*Wiki ya pili: kujaribu.* Chupa tatu za plastiki hukatwa kitako na mwalimu, hufungwa kitambaa mdomoni, kisha hupinduliwa. Moja hutiwa mchanga, ya pili udongo wa mfinyanzi, ya tatu kokoto. Kabla ya kumimina maji, kila mtoto huweka kisoda mbele ya chupa anayodhani itapitisha maji kwanza. Visoda huhesabiwa na idadi huandikwa. Kisha kikombe kimojakimoja cha maji humiminwa, na watoto huhesabu makofi hadi tone la kwanza lianguke. Hapa huibuka wazo la usawa wa jaribio. Kundi lililotia maji mengi katika chupa moja litapingwa na wenzake, na pingamizi hilo ni mafanikio ya somo.

*Wiki ya tatu: kuuliza watu.* Kila mtoto humwuliza mtu mzima wa nyumbani au jirani swali moja: kabla ya nyumba hizi kujengwa, maji ya mvua yalipita wapi? Majibu huletwa kwa mdomo. Mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu ili mtoto ambaye nyumba yao huingiwa na maji asiaibishwe. Kazi hii inawaingiza bibi na babu katika mtaala kama vyanzo vya maarifa, na inamfundisha mtoto kwamba kuuliza kwa adabu ni sehemu ya heshima.

*Wiki ya nne: kuhitimisha na kutenda.* Darasa husoma kumbukumbu zake, huchora njia ya maji uwanjani, na huamua jambo moja dogo linaloweza kufanywa, kama vile kuondoa taka katika mfereji mfupi wa shule chini ya usimamizi wa watu wazima. Mvua inayofuata huonyesha kama uamuzi ulifaa.

Masharti ya usalama huandikwa ndani ya andalio lenyewe: watoto hawapelekwi mtoni, kwenye makaravati wala kwenye mashimo, maji machafu hayashikwi, na mikono hunawiwa kwa sabuni baada ya kazi.

6.0 Upimaji

Upimaji wa kitaifa wa KKK kwa Darasa la Pili huwafanya walimu wengi wahofu kutumia muda katika shughuli ambazo hazitapimwa. Hofu hiyo inaeleweka, na jibu lake ni kuoanisha kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 4.2. Hata hivyo, udadisi wenyewe unahitaji kumbukumbu yake. Dalili tatu zinatosha kwa umri huu: mtoto anaeleza alichokiona bila kukichanganya na alichokidhani; anatoa sababu ya dhana yake; na anakubali kubadili dhana anapoona ushahidi. Mwalimu akiwatazama watoto sita kila siku na kuandika mstari mmoja kwa kila mmoja, darasa la watoto 90 humalizika katika siku 15 za masomo, yaani wiki tatu. Kazi hii haihitaji fomu mpya. Daftari moja linatosha.

7.0 Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni idadi. Mpangilio wa makundi hupunguza uzito wa darasa kubwa, lakini hauondoi haja ya madarasa na walimu zaidi, na haupaswi kutumiwa kama kisingizio cha kuiahirisha haja hiyo. Kikwazo cha pili ni muda. Vipindi ni vifupi, na shule ya zamu mbili haina ziada ya saa. Kwa sababu hiyo mada nne kwa mwaka zilizopangwa vizuri ni bora kuliko 12 za juujuu.

Kikwazo cha tatu kimo ndani ya mwalimu mwenyewe. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwalimu ni mwenye majibu huona aibu kusema hajui. Ndiyo maana kiongozi cha mwalimu kinapaswa kumpa maneno ya kutumia: “Tutajuaje?”, “Nani ameona tofauti?”, “Tujaribu tena tuone.” Mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na mdhibiti ubora wa shule nao wanapaswa kuelewa kwamba darasa lenye mazungumzo si lazima liwe darasa lililoshindikana. Kikwazo cha nne ni wazazi wanaopima shule kwa kurasa zilizojaa katika daftari. Wanahitaji kualikwa kusikia watoto wakieleza walichogundua, kwani mtoto anayetoa sababu mbele ya watu humshawishi mzazi kuliko hotuba.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mtaala wa udadisi kwa watoto wadogo unaweza kupangwa katika mazingira ya shule za Kinondoni na Temeke bila kusubiri maabara. Unahitaji mpangaji anayejua lipi la kufundisha moja kwa moja na lipi la kuacha litafutwe. Anayesoma msimu na mazingira ya shule. Anayeufunga uchunguzi na KKK. Na anayegawa darasa ili kila mtoto apate zamu ya kushika kitu na zamu ya kusema. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mtaala unapoliweka swali la mtoto katika azimio la kazi, pamoja na siku yake, vifaa vyake na kumbukumbu yake, methali hiyo huwa na mahali pake katika ratiba ya shule.